Makofi ya Tiara

Kwa miezi mitano Mama Tiara aliamini kwamba mtoto wake wa kumzaa amemkataa. Hakumwambia mtu. Lakini kila jioni akirudi kutoka kazini, akishavua viatu na kunawa mikono, alikaa chini mbele ya binti yake, akapiga makofi mara mbili, pa, pa, kisha akangoja. Binti alitazama pazia, au hakutazama kitu. Mama alipiga tena. Alijigusa kichwa, alijishika pua, alipunga mkono, alifanya vituko ambavyo vingemchekesha hata aliyefiwa. Mtoto aliinuka, akatembea kwa ncha za vidole hadi dirishani, akatikisa viganja hewani kama mtu anayekung'uta maji, na mambo yakaishia hapo.

Ule mwendo wa vidole ndio uliompa jina. Alikuwa na miaka sita, mwembamba, na alipokimbia uani mikono juu ungedhani upepo ukizidi kidogo tu atapaa. Basi baba yake akamwita Tiara, kama ile tiara ya karatasi wanayorusha watoto, na jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Alikuwa na usonji. Maneno yake hayakuzidi matatu, na mwili wake ulikuwa kama mzigo aliotwishwa bila kuelekezwa jinsi ya kuubeba. Ngazi alizipanda kwa kuweka miguu yote miwili kila kidato. Mpira ukirushwa kwake ulimfika kifuani kabla mikono haijaamka. Kifungo kimoja cha gauni kilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Tena hakuiga. Watoto wengine huiga bila kufundishwa, wakakuaibisha hata mbele ya wageni kwa jinsi wanavyokuigiza unavyopiga chafya. Tiara hakumwigiza mtu.

Mama yake alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare. Kazi yake ilikuwa kola. Kola juu ya kola, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki, chini ya msimamizi ambaye ukienda chooni aliangalia saa ya ukutani na ukirudi aliiangalia tena. Baba Tiara aliendesha lori la saruji, leo yuko huku, kesho kule. Kwa hiyo hospitali ilipoandika kwamba mtoto apelekwe kituo cha mazoezi kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, Mama Tiara alikunja ile karatasi akaona kama amekabidhiwa mlima.

Aliyebaki ni dada yake.

Huyu dada alimpita kwa miaka kumi na mmoja, na mama yao alipofariki ndiye aliyeshika nafasi. Alimsuka, alimpeleka shule, alimwonyesha sindano inavyotungwa uzi. Sasa alikuwa na saluni ndogo yenye viti vitatu na wateja waliompenda kwa ucheshi wake. Alipoombwa hakuvuta hata pumzi. "Mlete mtoto," alisema. "Mimi si Mama Mkubwa wa jina tu."

Wiki mbili za kwanza dada alirudi na habari za kawaida: Tiara amelia, Tiara amelala kwenye godoro akakataa kuinuka. Kisha habari zikaanza kuwa nzuri. Jumanne moja Tiara amejigusa pua baada ya kuonyeshwa. Alhamisi amepanda benchi na kushuka. Baada ya mwezi, amepiga makofi. Mama Tiara alilia kwa furaha, na jioni ile ile akakaa chini mbele ya mtoto na kupiga, pa, pa. Mtoto akatazama pazia.

Alimweleza dada yake. Dada alifikiri kidogo, akasema kwa upole kwamba watoto wa namna hii huwa na mtu wao. Huenda Tiara akiwa na mama yake anahisi ule wasiwasi wake. Ampunguzie kumkazia macho. Maneno yale yalimkwama Mama Tiara kama mwiba wa samaki. Hayatoki wala hayashuki. Aliketi kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, akijiuliza amemfanya nini mtoto hata amwogope. Labda ni siku ile alipomfokea kwa uji uliomwagika. Labda ni mikono yake yenye harufu ya mafuta ya mashine. Alianza kunawa kwa ndimu.

Mwishowe aliomba aonyeshwe, japo kwenye simu. Dada akasema kituoni hawaruhusu. Lakini alipombembeleza sana, dada akamtumia video ya sekunde kumi na moja. Tiara ameketi, ukuta wa kijani nyuma yake, uso umeangalia pembeni, na viganja vyake vidogo vinakutana. Mara moja, mbili, tatu. Mama Tiara aliiangalia chooni, akaiangalia njiani, akaonyesha karakana nzima. Mafundi walipiga vigelegele. Hata msimamizi aliinama kutazama, na kwa mara ya kwanza akasahau saa yake.

Basi, Alhamisi moja katika mwezi wa sita tangu mazoezi yaanze, transfoma ya mtaa wa karakana ililipuka na umeme wa mtaa ule ukaondoka wote. Msimamizi alisubiri hadi saa tatu, akakata tamaa, akawaruhusu mafundi waende. Mama Tiara hakwenda nyumbani. Alijiambia kwamba atafika kituoni taratibu, asimame nyuma ya kioo mtoto asimwone, aangalie dada yake na watu wa kituo wanafanya nini ambacho yeye hafanyi. Alikuwa tayari kujifunza. Ndivyo alivyokwenda, mwanafunzi wa makosa yake mwenyewe, sare ya kazini imejaa nyuzi.

Kituo kilikuwa ukumbi mmoja mkubwa wenye magodoro ya bluu, mipira mikubwa kama matangi, na benchi refu la mbao lililokaribia sakafu. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa mwanamume mrefu aliyepiga magoti mchana kutwa hata suruali zake zote zilipauka magotini. Wazazi walimwita daktari, na yeye alishachoka kuwasahihisha. Alipomwona Mama Tiara mlangoni, ambaye walikutana mara moja tu, ofisini, siku ya kumwandikisha mtoto, uso wake ulifunguka.

"Mama Tiara! Mmerudi mjini?"

Hakuelewa. Alimwambia hawajawahi kuhama. Alitazama huku na huku akauliza mtoto yuko godoro gani. Mtaalamu naye hakuelewa, na kwa muda walisimama wakipokezana maswali ambayo kila moja lilizidi kuwa la kijinga. Kisha akaenda kabatini, akarudi na faili. Tiara alikuja mara nne. Tarehe zilikuwa pale, na saini ya dada yake mbele ya kila moja. Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe. Walimpigia simu mleta mtoto mara mbili, akawaambia familia imehamia mji mwingine.

"Hapana," Mama Tiara alisema, na akatabasamu, kwa sababu alikuwa na ushahidi. "Amepiga makofi hapa hapa. Ninayo."

Alimpa simu. Mtaalamu alitazama mara moja. Akarudia. Mara ya tatu aliisimamisha katikati, akaisogeza karibu na macho.

"Huu ukuta si wetu," alisema polepole. "Lakini acha ukuta. Tazama vidole. Vimelegea, havifanyi kazi yoyote. Sasa tazama mwendo unapoanzia. Mtu akipiga makofi mwenyewe, mikono ndiyo inayotangulia. Hapa kinachotangulia ni viwiko. Mtu yuko nyuma yake, amemshika viwiko, anampigisha." Alisogeza picha kwa kidole. Pembeni kabisa, chini ya kwapa la mtoto, palikuwa na ncha ya ukucha uliopakwa rangi ya zambarau.

Mama Tiara aliufahamu ule ukucha. Aliufahamu kama anavyofahamu mshono wake mwenyewe.

Mtaalamu alitaka kumkalisha. Alimwambia kwamba kumshika mtoto mkono si kosa, hata wao huanza hivyo wakati mwingine, ila lazima useme kwamba umeshika. Mama Tiara alikuwa ameshafika mlangoni.

Kutoka pale hadi saluni ni mwendo wa dakika ishirini. Hakumbuki alipita wapi. Ndani kulikuwa na wateja wawili, mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele, mwingine kichwa kimejaa dawa, na dada yake katikati anasimulia jambo la kuchekesha. Mama Tiara hakusalimu. Alipita kati yao, akafunua pazia la chumba cha nyuma.

Tiara alikuwa ameketi juu ya kreti, katikati ya taulo chafu na maboksi ya dawa za nywele, simu mkononi, katuni zinacheza bila sauti. Ukuta ulikuwa wa kijani. Masikioni alikuwa amewekewa pamba, kwa ajili ya kelele za mashine. Ile pamba ndiyo iliyommaliza Mama Tiara. Iliwekwa vizuri, kwa uangalifu, na mtu anayempenda mtoto. Kama angemkuta amefungwa kamba, angejua la kufanya.

Dada aliingia nyuma yake na kurudisha pazia ili wateja wasione. Hakujaribu kukana. Alisema Jumanne ya wiki ya tatu mtoto alijitupa chini njiani, akalia, watu wakajaa, mmoja akatoa simu akapiga picha, mwingine akauliza kwa sauti kama ni mapepo. Mteja wake mmoja alikuwepo. Dada alimbeba mgongoni, mtoto akimuuma bega, akaapa harudi njia ile. Alikusudia kusema jioni hiyo hiyo.

"Ukanifungulia mlango una uso wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani," dada alisema. "Nikakwambia amejigusa pua. Nilitaka upate siku moja tu. Ya pili ikaja yenyewe."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya dada ilikuwa imekwenda miezi mitano.

"Hukuniuliza kama naweza," dada akaendelea, na hapo sauti yake ikapata makali kidogo. "Ulinipa tu, kama ulivyozoea. Tangu utoto ukichoka unanipa mimi."

Lilikuwa neno la kweli, na Mama Tiara alilisikia kuwa la kweli. Lakini alikuwa na lake, na lilitoka kwa utulivu hata yeye mwenyewe akashangaa.

"Dada, ungeniambia huwezi, ningekasirika wiki moja. Ulinionyesha mtoto wangu anapiga makofi. Kisha nikakuuliza kwa nini kwangu hapigi, ukaniambia ni mimi. Ulijua hapigi kwa mtu yeyote duniani, ukaniambia ni mimi."

Nje, mteja aliita kwamba dawa inaanza kumchoma kichwa, na dada, kwa mazoea ya miaka, akageuka kwenda kumwosha. Mama Tiara alimtoa mtoto pamba masikioni, akamvisha viatu, wakapita mlango wa uani.

Baba Tiara alikuwa nyumbani siku hiyo, ameketi kwenye ngazi anakwangua saruji kwenye buti zake. Mkewe alimsimulia yote amesimama, bila kupumzika, faili na viwiko na kreti. Alitegemea asimame pia, atukane, achukue shati aende saluni. Mumewe aliendelea kukwangua. Aliposikia jina la saluni hakuinua hata kichwa.

Mama Tiara akaitazama ile mikono ambayo haikusita.

"Ulijua."

Mumewe alisema alijua tangu mwezi wa pili wa mazoezi. Alishusha mifuko karibu na pale, akaingia saluni kuomba maji ya kunywa, akamwona mtoto. Shemeji alimlilia, akaahidi kwamba wiki inayofuata atarudi kituoni. Naye akaamini, au akajifanya ameamini. Akasema mkewe alikuwa anacheka siku zile, baada ya miaka ya kutocheka, akaona akilisema atamwondolea hata hicho kicheko. Na karakana angeiacha ili ampeleke mtoto mwenyewe. Na wao wangeishije?

Mkewe hakujibu habari ya karakana. Aliuliza jambo moja.

"Jioni zile nilizokuwa nakaa chini kumpigia makofi, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Pale kitini."

"Unanitazama."

"Nakutazama," alikiri, na kisu kikasimama juu ya buti.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Tiara alikuwa ameusikia msemo huo tangu utoto, na akaufahamu vizuri zaidi ya wengine kwa kuwa nguo ndiyo kazi yake. Hakulia. Aliingia ndani akamwogesha mtoto.

Jumatatu alimfuata msimamizi kabla mashine hazijawashwa, akamwambia anahitaji asubuhi mbili kila wiki. Msimamizi alimwambia fundi wa kola hawezi kukosekana. Basi amtoe kwenye kola, Mama Tiara alijibu. Wakabishana hadi kengele ikalia, na mwisho akahamishiwa meza ya kukata nyuzi, kazi ya wanaojifunza, pamoja na wasichana waliomwita shangazi na kumwonea aibu kwa niaba yake. Alikubali. Kwa miaka tisa alikuwa na jina la mkono mzuri kuliko wote pale, na sasa alishika mkasi mdogo na kukata mikia ya nyuzi za wengine. Baba Tiara alipoambiwa alisema angalau wangejadiliana kwanza. Mkewe alimtazama tu, naye akaacha.

Kituoni mtaalamu alianza upya, na alianza na mama. Walikaa kwenye benchi la mbao, Tiara akizunguka ukumbi kwa vidole vyake.

"Kuiga tunakuona kitu chepesi," alimwambia. "Lakini fikiria. Mtoto lazima aone, ajue katika yote anayoyaona ni kipi cha kufuata, aupange mwili wake, kisha auanzishe kwa wakati. Kwa watoto wengi wenye usonji kuna mahali njiani panapokwama, na si pale pale kwa kila mmoja. Binti yako hata kupanda ngazi kunamgharimu. Si mkaidi. Na hajawahi kukukataa."

Mama Tiara alijibu kwamba sawa, amesikia. Alifuta macho kwa pindo la sare.

"Sasa uache kumwamrisha akuige," mtaalamu akasema. "Miezi yote hii umekaa mbele yake kama askari wa kukagua vitambulisho. Leo mwige yeye."

Kwa hiyo mwanamke wa miaka thelathini na minne alivua viatu, akapanda juu ya vidole vyake, akatikisa viganja hewani nyuma ya mtoto wa miaka sita. Alijisikia mjinga, na vigimbi vya miguu vikawaka moto kabla hawajamaliza mzunguko. Hakujua kama mtoto wake anatembea katika maumivu yale kila siku au kama ameyazoea. Tiara akigonga ukuta, naye aligonga. Tiara akilala chali, naye alilala chali na kutazama feni, na kwa kweli feni ile ilikuwa na namna yake nzuri ya kuzunguka. Wiki ya tatu Tiara aligonga ukuta, akasimama, akageuza macho pembeni kuona kama mama atagonga. Mama aligonga. Tiara aligonga tena, akangoja. Mtaalamu aliandika kwenye faili mstari mzima.

Dada alikuja nyumbani mara mbili katika muda huo. Mara ya kwanza alikuja na mama mmoja mtu mzima wa ukoo, ili msamaha uwe na shahidi. Mama Tiara aliwapa viti, akawasikiliza, akasema amesamehe, kwa sababu mbele ya mkubwa hakuna jibu jingine. Mara ya pili dada alikuja peke yake na kuomba ampeleke Tiara kituoni siku moja tu, ili mdogo wake apumzike. Mama Tiara alimshukuru. Alimsindikiza hadi barabarani kama anavyosindikizwa mgeni, na dada, ambaye katika nyumba hiyo hajawahi kusindikizwa, aliielewa kila hatua.

Wiki ya tisa walikuwa sakafuni, ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kopo lake tupu na kijiko cha mbao. Tiara alipiga lake, mama akapiga lake. Wakaenda hivyo kwa muda. Kisha mtaalamu akamkonyeza mama, naye akafanya jambo jipya, aligeuza kijiko na kusugua kopo kutoka juu hadi chini, krrr. Tiara alikaa kimya. Mama hakurudia, hakumkazia macho, alitazama kopo lake tu na kuhesabu pumzi. Alifika ya kumi na mbili. Kijiko cha Tiara kilipanda kwa shida, mkono wote ukiinuka kutoka begani kana kwamba kijiko ni cha chuma. Kilikosa kopo, kikasugua goti, kikarudi, kikapata ukingo. Krrr. Hafifu sana. Mkono haukuguswa na mtu.

Mtaalamu aligeukia dirisha kwa muda, mtu mzima na suruali yake ya magoti yaliyopauka.

Mama Tiara hakupiga kelele. Alisugua tena kopo lake, na mtoto hakujibu, maana alikuwa amechoka, na asubuhi ikaisha hivyo. Walirudi kwa miguu, wakipumzika kila penye ukuta wa kugonga.

Jioni Baba Tiara alirudi, akaegesha buti mlangoni. Siku hizi aliuliza kila mara, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake. Akauliza leo imekuwaje huko.

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alilisikia neno likimjia hadi kwenye ulimi, tamu, zima, neno alilolisubiri miaka sita: ameniiga. Aliliangalia, akaona hana mtu ambaye angependa kumpa.

"Salama tu," alisema, akaendelea kukunja.